Baba amekatwa mguu, nyumba iko Mkomani, na hataki kubebwa tena. Nifanyeje?

Bint Nahodha
*Jumapili, saa 3:40 usiku*

Assalaam alaykum. Miaka yote mimi humu ni msomaji tu, leo nimebanwa. Uzi utakuwa mrefu, mnistahimilie.

Baba ana miaka 71. Alikuwa nahodha, wa jahazi kwanza, baadaye wa boti ya abiria. Mwaka jana sukari ilimla kidole, kidole kikala mguu, akakatwa chini ya goti, mguu wa kulia. Kidonda kimepona, alhamdulillahi. Sasa tatizo ni njia.

Tunakaa Mkomani, ndani ndani. Anayeijua Amu (Lamu) anajua: usita wetu, yaani kichochoro, haufiki upana wa mita 2, mfereji wa maji machafu unapita ubavuni, na daka la kila nyumba, ukumbi wa mlangoni, limeinuka. Alipewa kiti cha magurudumu, kile cha kukunjwa chenye vigurudumu vidogo mbele. Siku ya kwanza kigurudumu kikazama mferejini, baba akaangukia mikono. Tangu hapo akienda kliniki hubebwa na kiti chake, vijana wanne, wawili mbele wawili nyuma, na watu usitani wanabana ukutani kupisha huku wakisema pole mzee, pole mzee. Safari ya tatu aliporudi akaniambia, "Wanne wanne, na watu wanapisha. Ilisalia shahada tu. Mimi si jeneza."

Hajatoka mlangoni kwa miezi mitatu. Huyu ni mtu ambaye baada ya swala ya alasiri humkosi Mkunguni. Sasa anakaa chumba cha chini anasikiliza redio na kunigombeza kuhusu chumvi.

Kaka yangu yuko Mombasa, anasema tumhamishie kwake. Baba akisikia neno Mombasa anageukia ukutani. Mimi nafanya kazi hadi saa kumi, siwezi kuwa naye mchana. Nataka aweze kutoka mwenyewe, au karibu na mwenyewe. Nani amepitia haya?

---

Mvita Kindakindaki
*Jumapili, saa 4:02 usiku*

Pole dada. Lakini kaka yako ana hoja. Huku kuna lami, kuna teksi, kuna lifti. Amu ni mji wa punda, haukujengwa kwa kiti cha magurudumu. Mleteni.

---

Mama Kisauni
*Jumapili, saa 4:09 usiku*

@Mvita lifti gani wewe? Ghorofa tunalokaa ni la nne na lifti tunaiona kwenye filamu. Na matatu gani itakayomngoja mzee wa mguu mmoja? Mimi nina miguu yote miwili na makanga ananisukuma ndani gari likiwa linatembea. Atatoka kifungo cha Mkomani aingie kifungo cha Kisauni, tena huko hana hata wa kumsalimia.

---

Fizio wa Pwani
*Jumatatu, saa 12:30 asubuhi*

Bint Nahodha, mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo, nimefanya kazi mikoa ya huku miaka mingi. Nianze na hicho kiti.

Kiti cha kukunjwa mlichopewa kimetengenezwa kwa korido ya hospitali. Vigurudumu vya mbele ni vidogo na viko karibu na miguu, vikikuta ufa au mfereji vinasimama na mtu anaendelea. Kwa njia za mawe na mchanga kuna viti vya magurudumu matatu, viwili vikubwa nyuma na kimoja mbele kilichochomoza mbali. Kile kirefu cha mbele ndicho kinachovuka mashimo. Ubaya wake ni urefu: kwenye kona kali ya kichochoro kinataka nafasi. Kabla hujatafuta kiti chochote chukua futi ya fundi cherehani, pima sehemu nyembamba kuliko zote kutoka kwenu hadi baharini, na kila kona. Andika.

Pili, mto wa kukalia. Si pambo. Mtu anayekaa mchana kutwa juu ya turubai tupu atapata vidonda vya makalio, na mwenye sukari kidonda chake ndio hivyo mmekiona. Ajiinue kwa mikono kila baada ya muda, hata sekunde chache.

Tatu, najua mtu atakuja kukwambia "wekeni rampu". Kipimo cha kawaida ni 1 kwa 12. Kila sentimita 1 ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu. Daka lenu limeinuka kiasi gani?

---

Bint Nahodha
*Jumatatu, saa 1:15 asubuhi*

Nimepima sasa hivi kwa rula ya mtoto. Ngazi tatu, jumla sentimita 54.

---

Fizio wa Pwani
*Jumatatu, saa 1:20 asubuhi*

54 mara 12 ni 648. Karibu mita 6 na nusu za rampu, na usita wenu haufiki mita 2. Itaingia sebuleni kwa jirani. Achana nayo. Ukiweka ya mkato itakuwa kali kama paa, na kuteremka nayo ni kumtupa.

---

Mwana wa Ngome
*Jumatatu, saa 4:48 asubuhi*

Tena hata nafasi ingekuwepo, mji wa kale ni urithi wa dunia tangu 2001, huwezi tu kumwaga saruji kwenye daka la mawe. Lazima upitie watu wa uhifadhi wa Makumbusho. Sisemi ni vibaya. Nasema usinunue saruji kwanza.

---

Unguja Ukuu
*Jumatatu, saa 6:10 mchana*

Na sisi Mji Mkongwe hali ni hiyo hiyo. Bibi yangu tulimhamishia Ng'ambo, kwenye nyumba ya chini. Alifurahi wiki moja. Nafuatilia uzi.

---

Tatu wa Majengo
*Jumatatu, saa 2:25 usiku*

Nimesoma wote. Mimi niko kwenye kiti tangu utotoni, polio. Niko Malindi. Niseme jambo ambalo litawaudhi.

Mmepima daka, mmepima usita, mmemtaja kaka, mmemtaja daktari. Ni nani amemuuliza mzee anataka kwenda wapi?

Nauliza kwa sababu nayajua. Watu wangu walikuwa wakinipeleka. Hospitali, harusini, kwa shangazi. Wakinirudisha wakajiona wamenitoa. Siku niliyopata uhuru haikuwa siku niliyopata kiti kizuri, ilikuwa siku nilipompigia dereva wa tuktuk simu mwenyewe nikamwambia nipeleke sokoni, na nikanunua samaki mbovu kwa pesa yangu na mama akanisema. Nilifurahi mpaka kesho yake.

Muulize. Na usimpe majibu ya kuchagua.

---

Bint Nahodha
*Jumatano, saa 3:05 usiku*

@Tatu wa Majengo umeniudhi kweli, na shukran.

Nilikuwa na hakika atasema msikitini. Nimemuuliza jana usiku baada ya kumpa dawa. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Kwa kinyozi."

Kinyozi! Tangu akatwe mguu kinyozi humjia nyumbani kila Alhamisi, mimi nikadhani tunamstarehesha. Akasema kinyozi huja nyumbani kwa mgonjwa na kwa maiti, na yeye si yeyote katika hao. Anataka kukaa kwenye kile kiti cha mbao, asikie watu wanavyosengenya.

La pili, kwenda Shela kwa dada yake bila kufuatwa nyuma. La tatu ndilo msikiti.

Kinyozi wake yuko Langoni. Kutoka kwetu ni mwendo wa dakika kumi kwa mwenye miguu.

---

Soji Mbili
*Jumatano, saa 3:30 usiku*

Dada, mimi nina punda wanne, nabeba mawe na mchanga wa ujenzi. Najua watu watacheka, lakini mwachieni mzee apande punda. Wazee wangapi wa Amu wanapanda punda hadi leo? Hakuna atakayesema pole mzee kwa mtu aliye juu ya punda.

Shida itakuwa kumpandisha. Sasa sikiliza. Daka lenu ni ngazi tatu. Juu ya daka kuna baraza, sivyo? Sentimita 54 za ngazi, ongeza kimo cha baraza. Punda wangu mgongo wake ni kama mita moja. Akikaa kwenye ncha ya baraza inayotazama usitani, na punda akasimama ubavuni...

---

Bint Nahodha
*Jumatano, saa 3:41 usiku*

Baraza ni 46. Jumla 100.

---

Soji Mbili
*Jumatano, saa 3:42 usiku*

Wallahi wazee walijenga kwa akili. Nakuja kesho na punda mpole, jike, hana haraka.

---

Fizio wa Pwani
*Jumatano, saa 4:00 usiku*

Subirini kabla hamjafurahi. Sipingi. Amekatwa chini ya goti, kwa hiyo paja na goti anavyo, anaweza kubana na kukaa sawa. Lakini haya yashikeni:

Kuta za usita ni mawe ya matumbawe, zinakwaruza. Kigutu kifungwe kitambaa kinene au soksi mbili, na punda atembezwe katikati, asikaribie ukuta upande wa kulia. Mguu uliobaki avae kiatu kilichofunika vidole, si ndara. Mwenye sukari anaweza kuchanika asihisi, akajua jioni anapoona damu. Huo mguu wa kushoto ndio mtaji wake sasa.

Na kuwe na mtu wa kuongoza punda. Uhuru haumaanishi aende peke yake siku ya kwanza.

---

Tuktuk ya Baraka
*Alhamisi, saa 2:18 asubuhi*

Salamu kutoka Malindi. Mimi ni dereva, na nina wateja wanne wanaotumia viti. Amu hamna tuktuk za kutosha kama sisi huku lakini kazi ni ile ile, iwe punda, iwe boti. Nilivyojifunza:

Usimshike mtu kabla hajakwambia wapi pa kumshika. Mama mmoja wa Maweni nilimshika kwapani siku ya kwanza nikidhani namsaidia, kumbe bega lile lina maumivu. Alinipiga kofi. Halali yangu.

Yeye hupanda hivi: nasimamisha tuktuk penye ukingo, si pa kushuka mtaro, ili sakafu na kiti chake vikaribiane. Anafunga breki za kiti mwenyewe. Anaweka ubao, tuliukata kwa fundi, umepigwa msasa mpaka unateleza kama sabuni, ncha moja kwenye kiti chake ncha nyingine kwangu. Anajivuta. Mimi kazi yangu ni kuzuia kiti kisirudi nyuma na kufunga mdomo. Kisha nakunja kiti nakifunga nyuma kwa mpira wa baiskeli.

Malipo tunafanya ya mwezi. Asiyelipa kila safari hajioni anaombaomba, na mimi namhesabu kama mteja, nisipofika anagomba.

Mtafutie baba yako mtu mmoja. Akizunguka na watu kumi kila mmoja atamshika anavyojua.

---

Bint Nahodha
*Ijumaa, saa 4:50 usiku*

Amekwenda kwa kinyozi.

Nieleze maana mmenisaidia. Punda aliletwa saa tatu. Baba alitoka na magongo yake hadi dakani, akaketi kwenye ncha ya baraza, akamtazama punda kama anavyotazama boti ya mtu mwingine. Soji Mbili alikuwa ametandika magunia mawili juu ya soji, matandiko ya mizigo ya punda, na kufunga kamba ya kushikia. Mimi nilinyoosha mkono. Baba akasema, "Niwateni. Ndia naiyua." (Niacheni, njia naijua.) Akaweka kiganja kimoja kwenye soji, kimoja kwenye jiwe, akahamisha makalio, akapitisha kile kigutu juu ya shingo ya punda. Punda hakusogea hata sikio. Kwa kweli nililia, nikajifanya nafunga kitambaa.

Usitani nilikuwa nyuma hatua kumi. Mtu wa kwanza tuliyekutana naye alisema, "Nahodha, umebadilisha chombo?" Baba akamjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika humu.

Kwa kinyozi kushuka ndiko kulikuwa na taabu, hapo baraza ni fupi. Walimshusha watu wawili. Hakupenda. Lakini amekaa saa mbili na nusu. Amerudi na habari za ndoa mbili na mirathi moja.

---

Mvita Kindakindaki
*Ijumaa, saa 5:01 usiku*

Nimeondoa hoja yangu ya lifti.

---

Kitabu cha Sheria
*Jumamosi, saa 3:20 asubuhi*

Hongereni kwa punda, lakini tusisahau haki. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia mahali pote na usafiri wa umma. Sheria ya watu wenye ulemavu ya 2003 nayo imepitwa na ile mpya ya 2025. Je mzee amesajiliwa? Utaratibu ni kufanyiwa uchunguzi katika hospitali ya serikali, ripoti iende Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, apewe kadi. Kwa kadi anaweza kuomba vifaa, kikiwemo kiti kinachomfaa. Na kwa kuwa amepita miaka 70, Inua Jamii, pesa ya serikali kwa wazee, ni shilingi 2,000 kwa mwezi kama hajaandikishwa. Si nyingi, ila ni zake.

Kadi pia hufungua msamaha wa kodi ya mapato, na hata wa ushuru ukiagiza gari lililorekebishwa kwa ajili ya mlemavu.

---

Soji Mbili
*Jumamosi, saa 3:26 asubuhi*

Gari. Mkomani. 😂 Tutaagiza punda bila ushuru.

---

Bint Nahodha
*Jumamosi, saa 8:00 mchana*

@Kitabu cha Sheria hajasajiliwa. Tulikwenda mara moja, daktari wa uchunguzi hakuwepo, tukaambiwa rudini wiki ijayo, na wiki ijayo ilikuwa na maana ya kubebwa na watu wanne tena, ndipo alipogoma. Sasa ana chombo, tutarudi.

Ila kuna kubwa linakuja. Anataka kupimwa mguu bandia. Ameambiwa aende Mombasa. Kwa hiyo boti hadi Mokowe, bara, kisha basi hadi Mombasa, na gati la huku mnalijua. Ngazi zina kijani cha kuteleza. Miadi ni saa nane mchana, kwa hiyo tulale njiani au tutoke alfajiri. Nani amepitisha kiti pale?

---

Mama Kisauni
*Jumamosi, saa 8:30 mchana*

Mguu bandia APDK wanatengeneza, wana kituo huku Mombasa, chama cha walemavu wa viungo cha tangu 1958. Mje na nguo pana, atapimwa kigutu zaidi ya mara moja, si kazi ya siku moja. Mtalala kwangu au kwa kaka yako, chumba ni cha chini.

---

Fizio wa Pwani
*Jumamosi, saa 9:12 alasiri*

Ongezea: mtengenezaji atataka kuona kigutu hakivimbi. Kifungwe bendeji ya kuvutika kila siku kuanzia leo, kwa mtindo wa namba nane, kaze zaidi chini kuliko juu. Ukikaza juu unakifanya kiwe kama boga.

---

Binti Faza
*Jumamosi, saa 2:44 usiku*

Sisi wa visiwani bibi zetu tunawapandisha boti kila siku ya Mungu. Siri ni maji tu. Muulizeni nahodha, mnamwuliza nani humu?

---

Bint Nahodha
*Jumapili, saa 1:30 usiku*

Haya. Nimemwuliza nahodha.

Nilimwambia miadi inaweza kuwa Jumanne ijayo au ile ya pili yake. Hakutazama kalenda ya ukutani. Akahesabu vidole, akauliza leo mwezi ngapi, yaani tarehe ngapi ya mwezi wa Kiislamu. Kisha akanipa darsa ambalo sikuwahi kupewa miaka 38 niliyoishi naye.

Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua, maji makubwa. Siku hizo maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na alasiri, na saa nne asubuhi yamekupwa kabisa. Ukifika gatini saa nne asubuhi ya bamvua boti iko chini shimoni na mbele yako ni ngazi zote zile za ukoga. Kumbe safari zake zote za kupelekwa Mokowe baada ya kukatwa tulizifanya saa nne, mbili kati ya hizo bamvua! Sisi tulipanga kwa saa ya ukutani.

Maji mafu ni tarehe saba, nane, tisa, na tena ishirini na mbili, ishirini na tatu. Hapo maji hayapandi sana wala hayashuki sana, na kujaa kwake huangukia saa za asubuhi kama saa nne, saa tano. "Siku hiyo," akasema, "mdomo wa boti na gati huzungumza."

Kwa hiyo Jumanne ya kwanza akaikataa. Ya pili ni tarehe nane. Nimepiga simu kliniki kubadilisha miadi. Yule dada wa mapokezi akaniuliza sababu, nikamwambia bahari. Akanyamaza, akaandika.

---

Tatu wa Majengo
*Jumapili, saa 1:52 usiku*

Mnaona sasa. 

---

Tuktuk ya Baraka
*Jumapili, saa 2:10 usiku*

Kwenye basi kateni kiti cha mbele kabisa, upande wa mlango, na mfike mapema kabla watu hawajajaa. Na mwulizeni kondakta kabla ya kukata tiketi kama kiti cha magurudumu kinaingia buti bila malipo. Ukiuliza baadaye kinageuka kuwa mzigo.

---

Bint Nahodha
*Jumatano, saa 3:15 usiku (wiki mbili baadaye)*

Tumerudi. Nitasema na mabaya.

Punda hadi gatini, dakika nane. Kiti kipya hatujapata, kile cha kukunjwa sasa kinakaa dukani kwa jirani wa baharini, maana barabara ya ufukweni ni sawa na kinapita vizuri. (Ila si alasiri ya bamvua kubwa, maji hupanda mpaka barabarani. Baba ameniagiza kikiguswa na maji ya chumvi kioshwe kwa maji baridi usiku huo huo na bearingi zipakwe grisi. Anakitunza kama injini.)

Saa nne kasoro tulikuwa ukingoni. Alivyosema ndivyo ilivyokuwa, boti ilikuwa imeshuka kiasi cha shibiri mbili tu. Vijana walileta ubao wa kumpitisha na kiti. Akakataa ubao. Akatoka kitini, akaketi kwenye ukingo wa gati mguu ukining'inia, akangoja. Sikuelewa anangoja nini. Boti ilikuwa inapanda na kushuka na mawimbi ya boti nyingine zinazopita. Akahesabu, moja, mbili, ya tatu ilipoinuka akajisukuma kwa mikono, akawa ameketi ndani. Hakuguswa na mtu. Yule kijana wa boti akabaki na mikono hewani.

Halafu tukampa kiti, na katika kupokezana mto wake wa kukalia ukaanguka baharini, mto wa elfu tatu na mia tano, ukaelea polepole kuelekea Manda. Baba alicheka mpaka akakohoa. Fizio usinigombeze, nilimkunjia shuka mbili.

Mokowe hapakuwa na taabu. Basi ndilo lililotutia uchungu. Tuliuliza kabla, tukaambiwa kiti bure. Tulipofika njiani kondakta mwingine akaja kudai nauli ya mzigo. Nilitaka kulipa tupate amani. Baba akamwambia, "Mwanangu, kile ni mguu. Wewe umelipia miguu yako?" Gari zima likaingilia. Hakulipa. Lakini alikaa kimya kutoka pale mpaka Malindi, na najua kile kimya.

Kupimwa kumefanyika. Atarudi mara mbili tena. Amechagua tarehe zote mbili mwenyewe, moja ya nane na moja ya ishirini na tatu, na mtengenezaji wa miguu amezibandika ukutani kwake akauliza kama anaweza kupata hesabu ya mwezi mzima, ana wagonjwa wengine wa kutoka Faza na Kizingitini.

Na usajili tumepata, @Kitabu cha Sheria. Daktari alikuwepo.

---

Binti Faza
*Jumatano, saa 3:33 usiku*

Hiyo hesabu ya mwezi mzima naiomba na mimi. Nina bibi mwenye kiharusi.

---

Soji Mbili
*Jumatano, saa 3:40 usiku*

Yule punda jike sasa baba yako akipita anamwita kwa jina. Jina lenyewe ni la boti yake ya zamani. Nimemwachia.

---

Fizio wa Pwani
*Jumatano, saa 4:20 usiku*

Sigombi. Nunua mto mwingine, ufunge na kamba.

---

Bint Nahodha
*Jumamosi, saa 12:50 jioni (mwezi mmoja baadaye)*

Nilisahau uzi huu, kazi. Nimeingia kwa sababu leo nimerudi nyumbani saa kumi na moja chumba cha chini kitupu. Magongo hayapo. Redio imezimwa. Nimekimbia kwa majirani, hakuna aliyemwona. Nimempigia Soji Mbili, akaniambia alimfikisha gatini baada ya swala ya alasiri akaambiwa arudi na punda wake. Nimempigia baba mara sita.

Ya saba amepokea. Yuko Shela kwa shangazi, wanakula viazi vya kukaanga. Nikamwuliza ulipandaje boti. Akasema, "Leo mwezi ngapi?"

Nikahesabu. Kumi na tano. Bamvua, maji yamejaa saa kumi.

Nikamwuliza atarudi vipi na usiku huu maji yanakupwa. Akasema harudi, atalala, atarudi kesho alasiri kwa maji, na nisimpigie pigie simu mbele za watu.